Jina la Penseli

Foleni ilianza kabla ya adhana ya alfajiri.
Mimi wa kumi na saba, na ndala ya Chausiku ilishakatika mkanda
pale kwenye kona ya wauza mitumba, Tandika,
nikaifunga kwa waya wa shaba uliokuwa mfukoni.
Fundi feni hakosi waya.

Ndani ya bahasha: picha nne ndogo,
barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri uliopinda,
na kadi ya kliniki iliyolowa mafuriko ya mwaka ule,
tukaikausha kwa pasi.
Uzito wake wa miezi tisa hausomeki tena,
lakini tarehe, loo, tarehe inasomeka.

Ofisini, feni ya dari inalia kwi, kwi, kwi.
Bushi imekwisha. Nilijua tangu mlangoni.
Nikaibana mikono yangu kwapani
isije ikaonekana nanunua nafasi kwa bisibisi.

Mwalimu Kalunde akaweka kidole juu ya kadi.
"Tarehe moja, mwezi wa kwanza.
Mwisho wetu ni thelathini na moja Desemba.
Baba Chausiku, mwanao amepungukiwa usiku mmoja."

Usiku mmoja!
Mwalimu, nikasema, usiku huo nilikuwapo,
nje ya wodi, kwenye benchi lisilo na mgongo.
Umeme ulikatika. Nikamsikia analia gizani,
na mimi nikasimama, sijui nilitaka kwenda wapi.
Ndipo, baada yake, Temeke nzima ikagonga sufuria,
honi, filimbi, mabati, mtu akachoma tairi,
mwaka mpya ukaingia ukamkuta mwanangu ana sauti tayari.
Nesi aliandika umeme uliporudi.
Kalamu ndiyo iliyochelewa.

Mama yangu angekuwapo angeniharibia.
Kwake yeye siku huingia jua linapozama,
usiku ni mali ya kesho,
kwa hiyo tangu magharibi tarehe moja ilishaketi kitandani
ikimngojea mtoto.
Nikashukuru yuko Kisiju, anapalilia mihogo.

Nyuma yangu mama mmoja akakohoa kohozi la foleni.
Mwingine akasema, "Apimwe sikio, kama sisi zamani."
Chausiku hakungoja kuambiwa mara mbili.
Akapitisha mkono wa kulia juu ya utosi,
akanyoosha, akauma ulimi, akanyoosha tena;
sikio la kushoto bado liko mbali, kidole kizima.
Basi akainamisha kichwa,
akalileta sikio lenyewe hadi kwenye kidole.

Foleni ikacheka hadi dirishani.
"Mkono haujafika," mwalimu akasema, "ila akili imefika."
Akamgeukia. "Wewe, ulizaliwa lini?"
"Usiku," akajibu Chausiku,
kama mtu anayeulizwa jina lake mara ya pili.

Daftari lilikuwa na majina sitini na mawili,
na chumba, nilikichungulia, kina mikeka mitatu.
Mwalimu akatafuta mezani, akapata penseli
iliyotafunwa kichwa na watoto wa mwaka jana.
"Namwandika kwa hii. Wino ataupata
ukiniletea karatasi ya wodi, yenye saa.
Na fagio la chelewa, na ndoo, na kikombe cha uji."
Nikasema ndiyo kwa vyote, hata kwa karatasi
ambayo sijui iko kabati gani, chini ya vumbi la nani.

Nje, jua limeshapanda, Januari haina huruma.
"Baba, kwa nini ameniandika kijivu?"
Nikamwambia ni wino unaosubiri.
Akalifikiria hilo, ndala yake ikikwaruza waya barabarani,
kisha akataka mhogo wa kukaanga.

Ile feni niliisikia mpaka getini.
Kipimo cha bushi yake nakijua kwa mlio.
Nitaileta, lakini si kesho, wala si wiki hii.
Siku jina litakapotiwa wino,
nitavua viatu, nitapanda juu ya meza ile.